Plakete zimeshuka, damu haigandi: karatasi ya labo inaiambia nini familia?

Mashariki ya Kongo, maneno machache yaliyoandikwa kwenye karatasi ya labo yanaweza kuamua kama familia itauza mbuzi, itakopa dola kwa jirani, ao itamtoa mgonjwa hospitalini usiku na kumtafutia pikipiki ya kumpeleka mji mwingine. "Plakete zimeshuka." "Damu haigandi." "Anahitaji damu." Mara nyingi watu wanayasikia maneno hayo matatu kama neno moja: damu imeisha, mtu anakwenda. Lakini hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina sababu yake na dawa yake. Kuyachanganya kunagharimu pesa, kunagharimu saa, na wakati mwingine kunagharimu uhai.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwanzo wa mwaka 2025. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari, kisha Bukavu katikati ya Februari, mahospitali yalipokea majeruhi kwa mamia. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki yakafunga milango, barabara nyingi zikawa za kubahatisha. Dawa, mifuko ya kuwekea damu, vipimo, mafuta ya jenereta: vyote hivyo vinategemea njia zilizo wazi. Ndiyo maana suala la namna damu inavyoganda limetoka kwenye vitabu vya wanafunzi wa udaktari na kuingia nyumbani mwa watu.

Maneno matatu, matatizo matatu

Tuseme karatasi inaitwa NFS. Hicho ni kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Mstari wa Hb unahusu himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa mwilini. Hb ikishuka sana, mgonjwa anakuwa na upungufu wa damu: anachoka, moyo unakimbia, viganja na ndani ya macho vinakuwa vyeupe. Huyo ndiye watu wanamsemaka "damu imeisha". Ikishuka kupita kiasi, anaongezewa damu.

Mstari wa PLT, ao "plaquettes", ni wa plakete, ni kusema zile chembe ndogo sana za kugandisha damu. Mtu mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika tone moja dogo mno la damu, lile ambalo labo inaliita mikrolita. Plakete inaishi siku 8 mpaka 10 hivi, kisha mwili unatengeneza nyingine ndani ya mifupa. Mtu anaweza kuwa na plakete chache na bado Hb yake ikawa nzuri. Huyo damu yake haijaisha. Kilichopungua ni mafundi wa kuziba tundu.

Kuna pia vipimo vya TS na TC, ambavyo hospitali nyingi zinaviomba kabla ya operesheni. TS ni muda ambao kidonda kidogo kinatoka damu mpaka kisimame. TC ni muda ambao damu inachukua kuganda. Hospitali kubwa zinaongeza TP ao INR. Vipimo hivyo vinachunguza protini zinazoelea ndani ya maji ya damu, na nyingi kati yake zinatengenezwa na ini. Mtu anaweza kuwa na Hb nzuri, plakete nzuri, na damu isigande kwa sababu protini hizo zimepungua ao zimeharibiwa.

Kiswahili chenyewe kinaongeza utata kidogo. Neno "kuganda" linatumika kwa jambo jema na kwa jambo baya. Damu ikiganda juu ya kidonda, mtu amepona. Damu ikiganda ndani ya mshipa wa mguu, ikang'oka na kwenda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Munganga akisema "damu yake inaganda", familia ina haki ya kuuliza: inaganda wapi? Kwa maana dawa ya tatizo moja ni sumu kwa tatizo lingine.

Namna tundu linavyozibwa

Mshipa ukipasuka, kwanza unajibana wenyewe. Kisha plakete zinakimbilia pale, zinajibandika kwenye ukingo wa jeraha na kushikana zenyewe kwa zenyewe, kama watu wanaoziba mfereji kwa miili yao huku wakisubiri mawe. Mtaalamu wa Italia, Giulio Bizzozero, ndiye aliyeeleza kazi hiyo ya plakete mwaka 1882. Baada ya hapo protini za damu zinaamshana moja baada ya nyingine mpaka zinatoa nyuzi zinazoitwa fibrini. Nyuzi hizo zinafunga ile plagi kama kamba zinavyofunga kuni. Siku zinazofuata, mwili wenyewe unaziyeyusha taratibu.

Kila hatua ina adui wake. Aspirini inazifunga plakete mikono, na plakete iliyofungwa hivyo haifunguki tena mpaka ife. Kwa hiyo athari inabaki kwa wiki moja hivi. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zinasumbua plakete, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Diklofenaki ni dawa ambayo watu wengi wanachomwa sindano kwa maumivu yoyote yale, bila kuulizwa kama wanatoka damu. Mgonjwa ambaye plakete zake zimeshuka sana hapaswi kupewa dawa hizo. Kwa homa na maumivu, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwake. Hata sindano ya kwenye nyama inaweza kumletea uvimbe wa damu ndani ya msuli.

Protini nazo zinahitaji vitamini K. Mtaalamu wa Denmark, Henrik Dam, aliipa herufi hiyo kwa sababu ya neno lenye maana ya kuganda, linaloanza na K katika lugha yake, na mwaka 1943 alipewa tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Mtu mzima anayekula sombe na lengalenga kwa kawaida anaipata ya kutosha. Mtoto mchanga hana akiba, ndiyo maana anachomwa miligramu 1 baada ya kuzaliwa. Lakini jambo moja lieleweke: vitamini K haiongezi plakete. Familia inayotumwa kununua ampuli za vitamini K kwa sababu "plakete zimeshuka" inapaswa kuuliza tena kwa upole.

Malaria, Ebola na nyoka

Mashariki, sababu ya kawaida sana ya plakete kushuka ni malaria. Wagonjwa wengi wa malaria wana plakete chini ya 150,000, na wakati mwingine hesabu inashuka mpaka inatisha. Lakini ni wachache wanaotoka damu kwa sababu hiyo tu. Ukitibu malaria, plakete zinapanda zenyewe ndani ya siku chache. Kumbeba mtoto mwenye malaria kutoka kijijini mpaka mjini ili kutafuta plakete, huku sindano ya artesunate inapatikana palepale kwenye kituo cha afya, ni kumpotezea mtoto saa ambazo hana. Kinachoua watoto wengi wa malaria katika upande wa damu ni upungufu wa zile chembe nyekundu, na hapo kuongezewa damu haraka kunaokoa kweli.

Kuna pia hesabu ya uongo. Katika watu wengine, plakete zinashikana zenyewe ndani ya tyubu ya labo na mashine inazihesabu kama chache. Fundi wa labo anaweza kuangalia kwa mikroskopu ao kurudia kipimo. Mtu ambaye hana hata alama moja ya kutoka damu, lakini karatasi inasema plakete zake zimekwisha, anastahili kipimo cha pili kabla ya familia kuuza chochote.

Kisha kuna Ebola. Mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, uligusa watu 3,470 na kuua 2,287. Virusi hivyo vinavuruga mfumo mzima wa kuganda: damu inaganda ovyo ndani ya mishipa midogo, plakete na protini zinatumika mpaka zinaisha, na mwili unabaki bila kitu cha kuziba tundu. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa Ebola hawakutoka damu inayoonekana. Waliokuwa wakisema "huyu hatoki damu, basi si Ebola" walikosea, na kosa hilo lilisambaza ugonjwa ndani ya nyumba. Ndiyo maana wataalamu waliacha kuiita homa ya kutoka damu.

Sumu ya nyoka wa jamii ya kifutu nayo inakula protini za kugandisha. Mtu aliyeumwa anaweza kutoka damu kwenye fizi, kwenye mkojo, hata mahali alipochomwa sindano. Hapa kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine wala umeme: damu kidogo inawekwa ndani ya tyubu ya kioo, safi, mpya na kavu, inaachwa bila kuguswa kwa dakika 20, kisha inainamishwa. Ikiwa bado inamwagika kama maji, damu haigandi. Tyubu ikiwa ya plastiki, ao iliyooshwa kwa sabuni, jibu linakuwa la uongo. Dawa ya kweli ni ile ya kupinga sumu ya nyoka. Kukata jeraha kwa wembe kwa mtu ambaye damu yake haigandi ni kumfungulia bomba.

Siku 5 dhidi ya barabara

Sasa swali ambalo familia nyingi zinauliza: kwa nini hospitali haina plakete za kumtia mgonjwa?

Jibu liko kwenye namna ya kuzitunza. Chembe nyekundu zinakaa kwenye friji, kati ya digrii 2 na 6, kwa wiki 5 hivi. Maji ya damu, yaani plasma, yanagandishwa kwa baridi kali na kukaa miezi mingi. Plakete hazitaki friji. Zinatunzwa kwenye digrii 20 mpaka 24, juu ya mashine inayozitikisa usiku na mchana, na kwa kawaida zinadumu siku 5 tu. Tena mtu mzima mmoja anahitaji plakete za watu 4 mpaka 6 kwa mara moja. Hapo unahitaji mashine ya kutenganisha damu, umeme usiokatika, vipimo vya haraka na usafiri wa uhakika. Mahali ambapo gari linaweza kulala njiani siku tatu, mfuko wa plakete unafika ukiwa umebaki na siku mbili tu za kazi, ao haufiki kabisa.

Kwa hiyo hata kabla ya vita vya 2025, sehemu kubwa ya mashariki ilitegemea damu nzima, ile inayotoka kwa mtu na kwenda kwa mgonjwa bila kutenganishwa. Watu wengine wanaona hiyo ni tiba ya maskini. Si hivyo kabisa. Damu nzima iliyotolewa siku ileile bado ina chembe nyekundu, plakete na protini zote pamoja. Kwa mama ao majeruhi anayetoka damu nyingi, hiyo ndiyo inayokaribia zaidi kile alichopoteza, na hata majeshi ya nchi tajiri yanaitumia kwa askari waliojeruhiwa. Kinachohitajika ni mtoaji anayejulikana, kundi la damu linalolingana, na vipimo vinne ambavyo havirukwi hata siku ya mabomu: virusi vya ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende.

Yaani pale ambapo ndege haziwezi kuleta plakete, akiba ya plakete ya mashariki iko ndani ya mikono ya wakaaji wenyewe. Inatembea sokoni, kanisani, msikitini, shuleni. Shirika la Afya Duniani linasema nchi inahitaji watoaji wasiopungua 1 kwa kila watu 100 ili kugusa mahitaji ya msingi tu. Huku mashariki, mara nyingi damu inatolewa na ndugu wa mgonjwa dakika ya mwisho. Asiye na ndugu karibu, kama vile aliyehama vita peke yake, anabaki akimtegemea mtu wa kumlipa. Na mtu anayeuza damu ana sababu ya kuficha ugonjwa wake.

Dawa ya dakika 180

Si kila kitu kinasubiri damu. Mwaka 1962, Wajapani wawili, mtu na mke wake, Shosuke na Utako Okamoto, walieleza dawa inayoitwa asidi traneksamiki. Haigandishi damu. Inachofanya ni kuzuia mwili usiyeyushe mapema ile plagi iliyokwisha kufungwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 kwa majeruhi zaidi ya 20,000, na mwingine wa mwaka 2017 kwa akina mama zaidi ya 20,000 katika nchi 21, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya kutoka damu ikitolewa ndani ya saa 3. Ikichelewa zaidi ya hapo, faida inapotea, na kwa majeruhi inaweza hata kudhuru. Kwa mama aliyezaa, gramu 1 inatiwa polepole kwenye mshipa. Haihitaji friji. Si dawa ya bei kubwa. Kituo cha afya kilicho mbali na hospitali ndicho kinachoihitaji zaidi, kwa sababu saa 3 zinaishia barabarani.

Suala la akina mama ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka 2023, wanawake karibu 19,000 walikufa Kongo kwa sababu za mimba na uzazi, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Kutoka damu baada ya kuzaa ni moja ya sababu kuu. Kosa la zamani ni kukadiria damu kwa macho: kitenge kinafyonza, godoro linafyonza, na mzalishaji anaona kidogo kuliko kilichotoka. Utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukatolewa mwaka 2023, ulitumia karatasi ya plastiki yenye alama za kipimo inayowekwa chini ya mama. Damu ilipofika kiasi fulani, matibabu yote yalitolewa pamoja bila kungoja: kusugua tumbo la uzazi, dawa ya kulibana, asidi traneksamiki, serumu, na kukagua inakotoka damu. Matatizo makali ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo mpya unaotaka hatua zianze damu ikifika mililita 300, kama mapigo ya moyo ao presha ya mama vimebadilika, badala ya kungoja mililita 500.

Na kuna dawa isiyonunuliwa: blanketi. Mwili ukipoa, plakete na protini zinafanya kazi vibaya. Majeruhi anayelala juu ya sima yenye baridi, nguo zimelowa, anapoteza damu zaidi kuliko yule aliyevuliwa nguo zenye maji na kufunikwa. Kubana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunua kila dakika kuangalia, kunaisaidia plagi ishike. Unga wa kahawa, tumbaku ao udongo haugandishi chochote. Unaleta uchafu, na pepopunda inaweza kufuata.

Familia iulize nini?

Karatasi ya labo ikija, kuna maswali manne ambayo munganga mwenye haraka anaweza kuyajibu kwa dakika mbili. Kilichoshuka ni Hb, ni plakete, ao ni protini za kugandisha? Mgonjwa anatoka damu sasa hivi, ao ni namba tu? Sababu yake ni nini, na inatibiwa hapahapa? Kuna dawa anayopewa ambayo inazidisha kutoka damu? Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha kama ni saa ya kutafuta watoaji watatu, saa ya kutafuta gari, ao saa ya kutulia na kumaliza dozi ya malaria.

Wenye mamlaka nao wana swali lao, upande wowote wa mstari wa vita wanakoshika. Mifuko ya damu, vipimo vinne vya usalama, na asidi traneksamiki havina chama wala jeshi. Gari linalobeba vitu hivyo likizuiwa kwenye kizuizi kwa siku mbili, anayelipa ni mama aliye kwenye maternite, na yeye hana siku mbili. Ana saa tatu.

Kwa wakaaji, kazi inaanza kabla ya dharura. Mtu mwenye miaka 18 na kuendelea, mwenye kilo 50 ao zaidi na afya nzuri, anaweza kutoa damu, na mwili unarudisha plakete zote ndani ya siku chache. Kujua kundi lako la damu, kundi la mke wako mwenye mimba, na majina ya watu wawili watatu wenye kundi hilo katika avenue yenu, ni akiba ambayo haihitaji friji. Siku ya damu kukosa kuganda, hakuna atakayekuwa na muda wa kuanza kuuliza.